Mchezo wa Bwana, Mzigo wa Mpagazi



Sisi tunaoishi karibu na Chicago tuna desturi moja ya wakati wa baridi. Theluji ikishafunga njia na watoto wakishaanza kugombana ndani ya nyumba, tunawapakia garini na kuwapeleka kwenye jumba la makumbusho la Field Museum, kule kando ya ziwa. Watoto wanapenda mifupa ya wanyama wa kale. Sisi wazazi, tuseme kweli, tunapenda joto la mle ndani. Na kabla ya kurudi nyumbani hatukosi kupita kuwaamkia jamaa zetu wa Tsavo.

Jamaa wenyewe ni simba wawili, madume yasiyokuwa na manyoya ya shingoni, wamewekwa nyuma ya kioo. Hao ndio waliowala wafanyakazi wa reli mwaka 1898, pale daraja la mto Tsavo lilipokuwa likijengwa. Kisa chao kinajulikana na kimeshatengenezewa filamu. Lakini siku moja mwanetu wa miaka minane alisimama mbele yao kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo hatukulitegemea. Hakuuliza waliua watu wangapi, wala aliyewapiga risasi ni nani. Aliuliza, "Baba, nani aliwabeba mpaka hapa?"

Tulimjibu kwamba walikuja kwa meli. Jibu hilo halikumtosheleza, na tukisema kweli halikututosheleza hata sisi. Kutoka Tsavo mpaka penye meli kuna mwendo. Makala haya yametokana na swali lile.

Tuanze na simba wenyewe. Mtu aliyewaua, John Henry Patterson, alikuwa mwanajeshi aliyepelekwa kusimamia ujenzi wa daraja, kwa hiyo kwa namna fulani ni mwenzetu sisi wahandisi. Aliwaua wote wawili mwezi wa Desemba 1898, kazi ikiwa imesimama kwa sababu vibarua, wengi wao wakiwa wametoka Bara Hindi, walikataa kuliwa mmoja mmoja usiku hali wanalipwa kwa kuchimba mawe. Baadaye Patterson alidai kwamba simba wale walikula watu 135. Wataalamu waliopima mifupa na manyoya yao walitoa hesabu nyingine mwaka 2009, wakakadiria watu wapatao 35. Mwaka 2024 wengine walichunguza vinyweleo vilivyonasa kwenye meno yaliyovunjika, wakakuta vya twiga, pundamilia, nyumbu na binadamu. Hata hao 35 si wachache. Ila ajabu tunayoiona sisi ni kwamba kwa muda wa miaka 25 ngozi za simba hawa zilikuwa mazulia. Patterson alizitandika nyumbani kwake, na ni mwaka 1924 tu ndipo alipoziuza kwa makumbusho ya Chicago kwa dola 5,000. Ndiyo maana wanaonekana wadogo kuliko simba waliosimuliwa kitabuni. Ngozi ilikuwa imekatwa ikae vizuri sakafuni, na fundi aliyewajaza hakuwa na njia ya kuirefusha.

Kuua simba aliyekula watu si mchezo, ni dharura, na hakuna mtu wa kwetu angemlaumu Patterson kwa hilo. Lakini zulia ni jambo jingine. Zulia linatuingiza katika mada yetu, yaani ile starehe ya kuua waliyokuja nayo wakoloni wa mwanzo, na jinsi ilivyogeuka kuwa sheria juu ya vichwa vya watu ambao kwao mnyama alikuwa kitoweo, au adui wa shamba, au biashara.

Hapo inafaa turudi kidogo Uingereza. Mwaka 1835 Bunge la huko lilipitisha sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Ikapiga marufuku kumfunga ng'ombe dume au dubu na kumtupia mbwa wamrarue, na ikapiga marufuku kupiganisha majogoo. Michezo hiyo ilikuwa maarufu khasa kwa watu wa chini, ingawa mabwana nao walikuwa wakiweka dau zao. Kumkimbiza mbweha kwa farasi na kundi la mbwa mpaka araruliwe hakukuguswa, kwa sababu hiyo ilikuwa starehe ya wenye ardhi, na wenye ardhi ndio waliokuwa wakikaa Bungeni. Iliwabidi mbweha wa Uingereza na Wales wasubiri mpaka sheria ya mwaka 2004, yaani miaka 169. Msomaji aiweke akilini tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo iliyopakiwa melini ikateremshwa Mombasa: kuua kwa mnyonge ni ukatili, kuua kwa bwana ni michezo.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, pale palikuwa mahali pa maji na majani tu. Muda si muda pakawa na mji, na mji ukawa na starehe zake. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904, na kwa jinsi watu wenye vyeo vya ukoo walivyojaa mle, watu wakaipachika jina la baraza la malodi la London. Klabu ya Muthaiga ikafuata, ikafunguliwa mkesha wa mwaka mpya wa 1914, kwa wazungu peke yao. Mbio za farasi zilianza mapema, hata kabla mji haujawa na barabara za maana. Na mbwa wa kuwindia walipoletwa kutoka Uingereza, ikaonekana kwamba hakuna mbweha mwekundu wa kukimbizwa. Basi wakamkimbiza bweha. Mabwana waliovaa kama wako mashambani kwao, farasi, tarumbeta, na mbele yao bweha wa Kiafrika asiyejua amekosa nini. Kundi moja la mbwa hao, lililoitwa Masara, lilikuwa na jina kubwa siku hizo. Mwenyewe, Jim Elkington, alikuwa amefuga pia simba nyumbani, na simba huyo ndiye aliyemrukia Beryl Markham, yule mwanamke rubani mashuhuri, alipokuwa bado mtoto.

Lakini hayo ya mjini yalikuwa madogo. Starehe kubwa ilikuwa safari. Neno hili letu, ambalo kwetu ni mwendo tu, hata wa kwenda kumzika shangazi Muheza, liliingia katika lugha za Ulaya likiwa na maana ya bunduki na mahema. Winston Churchill alipita mwaka 1907, akiwa naibu waziri wa makoloni, akawinda faru karibu na stesheni ya Simba, na akakisifu kigari cha relini kwamba ni njia nzuri ya kuwasogelea wanyama. Sisi wahandisi tunakijua kigari hicho. Kiliwekwa kwa ajili ya kukagua reli.

Aliyeifanya safari ijulikane dunia nzima ni Theodore Roosevelt. Aliondoka madarakani Marekani mwezi Machi 1909, na mwezi Aprili alikuwa ameshashuka Mombasa na mwanawe Kermit. Walipanda treni, na sehemu ya njia rais yule mstaafu aliketi mbele kabisa ya injini, juu ya kile chuma cha kusukumia ng'ombe, apate kuwaona wanyama vizuri. Walishuka uwanda wa Kapiti, na pale wakakuta mahema yamepigwa, bendera ya Marekani inapepea, na wapagazi zaidi ya 200 wamepangwa mstari.

Hebu tufanye hesabu, maana ndiyo kazi yetu. Roosevelt mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1910, aliorodhesha kila kilichouawa na yeye na mwanawe: jumla ni 512. Humo mna simba 17, tembo 11 na faru 20. Katika faru hao, 9 ni weupe wa kaskazini, waliopigwa ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, katika eneo la Lado lililokuwa wakati ule mikononi mwa Wabelgiji na leo liko Uganda na Sudani Kusini. Faru weupe wa aina hiyo waliobaki duniani hivi leo ni wawili, Najin na binti yake Fatu, wote majike, wanalindwa usiku na mchana kule Ol Pejeta nchini Kenya. Dume la mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018. Hatusemi Roosevelt ndiye aliyewamaliza. Waliomalizwa walimalizwa na majangili na vita vya miaka ya baadaye. Lakini mtu aliyepiga hesabu ya 9 na mtu anayepiga hesabu ya 2 hawawezi kukisoma kitabu kile kwa moyo mmoja.

Safari ile ilikuwa na jina la elimu. Taasisi ya Smithsonian ya Washington ndiyo iliyokuwa ipokee ngozi na mifupa, na tajiri Andrew Carnegie alisaidia gharama. Ukijumlisha na panya, ndege, samaki, wadudu na mimea, vitu vilivyokusanywa vilipita 11,000. Kuhifadhi ngozi kunataka chumvi, na walichukua tani 4 za chumvi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27 hivi. Kwa hiyo chumvi peke yake ni mizigo isiyopungua 130, ingawa bila shaka haikubebwa yote kwa wakati mmoja. Juu yake weka mahema, vitanda, beseni la kuogea, masanduku ya chakula, risasi, na maktaba ndogo ya Bwana, vitabu vyenye majalada ya ngozi ya nguruwe ili visiharibiwe na jasho, damu na mvua. Kisha ngozi zenyewe, mbichi, na mafuvu, na pembe.

Vitu vyote hivyo vilikwenda juu ya kichwa cha mtu. Nadhani mwanetu sasa angeridhika na jibu.

Wapagazi walikuwa Wanyamwezi, Waswahili wa mwambao, Wakamba, Wakikuyu na wengineo, na lugha iliyowaunganisha ni hii tunayoandikia. Wao ndio waliompa Roosevelt jina la Bwana Mkubwa, na mwanawe, kijana aliyejipenda, wakamwita Bwana Maridadi. Majina hayo yamo katika kitabu chake, yameandikwa kwa tahajia ya mtu aliyeyasikia kwa sikio la kigeni. Wamo pia wabeba bunduki wake, Muhamed na Bakari, waliosimama kando yake wakiwa na bunduki ya pili mkononi mbele ya simba anayekuja. Kazi ya mbeba bunduki ilikuwa kutokimbia.

Sasa tuje kwenye bei. Leseni ya mwindaji mgeni katika Himaya ya Afrika Mashariki ilikuwa pauni 50. Pauni 1 ilikuwa rupia 15, kwa hiyo leseni ni rupia 750. Mshahara wa mpagazi ulikuwa rupia 10 hivi kwa mwezi, pamoja na posho. Maana yake mpagazi angetaka kuwinda kisheria kama mgeni yule, ingembidi abebe mizigo miezi 75 bila ya kula senti moja, yaani miaka 6 na robo. Mlowezi alipewa leseni yake kwa pauni 10 tu. Na simba na chui walikuwa hawahesabiwi kabisa katika leseni, kwa kuwa waliandikwa kuwa ni wanyama waharibifu. Bwana aliweza kuua kadiri alivyopenda.

Sheria hizi hazikutoka hewani. Mwezi Mei 1900 wakubwa wa Ulaya walikutana London, wakatia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama pori, ndege na samaki wa Afrika. Walikuwa na sababu, tusiwanyime haki yao. Tembo walikuwa wanakwisha kweli. Lakini ukiusoma mkataba ule utaona kwamba miongoni mwa yaliyokatazwa ni nyavu na mashimo ya mitego, yaani zana za mtu asiye na bunduki. Ni ile ile sheria ya jogoo na mbweha, imevaa kofia ya jua.

Upande wa Wajerumani ilikuwa hivyo hivyo, na pengine mapema zaidi. Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji mwaka 1896, pamoja na kutenga hifadhi za mwanzo. Huko Uzaramo, kusini ya Dar es Salaam, watu walikuwa na ugomvi wa siku nyingi na nguruwe mwitu. Nguruwe hao waliwindwa kwa nyavu na kwa ushirikiano wa wanaume wengi, la sivyo shamba halivunwi. Sheria za uwindaji zikawabana, wanaume wengi wakachukuliwa kufanya kazi za pamba na nyinginezo, na wanawake wakabaki na nguruwe. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameeleza kwamba njaa na nguruwe hao ni miongoni mwa mambo yaliyowafikisha watu wa Uzaramo katika Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905. Shuleni tulifundishwa pamba na kodi. Nguruwe hatukufundishwa, na sisi tunaona mwalimu alituonea.

Wapo watakaosema: acheni kulalamika, nyinyi watu wa pwani ndio mliowamaliza tembo kabla mzungu hajaja. Ni kweli, na lazima tulimeze. Misafara iliyotoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa karne ya 19 ilikuwa ikitafuta pembe, na pembe hizo zilibebwa na watu ambao wengine walikuwa watumwa. Ndugu zetu mnaoishi Connecticut, mkipata nafasi mtembelee Deep River na Ivoryton. Miji ile midogo ilitajirika kwa pembe za tembo zilizotoka Unguja, zilizokatwa vibao vyembamba vya kubandika kwenye piano. Kila binti wa Kimarekani aliyejifunza piano zama hizo aligusa tembo wa kwetu. Hiyo ilikuwa biashara, na ubaya wake tunaujua. Lakini hakuna tajiri wa Kiswahili aliyetoka Unguja na watu 200 kwenda Tabora ili apige picha ameweka mguu juu ya mzoga.

Na michezo ya kwetu je? Maana isije ikadhaniwa kwamba watu wa mwambao walikuwa malaika wasiojua kumchokoza mnyama. Pemba upo mchezo wa ng'ombe, unaochezwa mpaka leo, khasa wakati wa kiangazi baada ya mavuno, sehemu kama Chwale, Pujini na Kengeja. Dume huchokozwa kwa nguo, vijana wanaonyesha ushujaa wao, ngoma zinalia, kina mama wanaimba, na watu wengine wamepanda juu ya miti, nao wana akili zao. Wengi husema mchezo huo uliachwa na Wareno, waliotawala mwambao wetu mpaka Ngome ya Mombasa ilipowatoka mwaka 1698. Pengine ni kweli. Lakini Mreno wa zama zile alimuua ng'ombe, na Mpemba hamuui. Mchezo ukisha, ng'ombe anarudi kwa mwenyewe na kesho analima. Oman nako, pwani ya Batina, na Fujaira katika Emarati, madume hupiganishwa wao kwa wao, pembe kwa pembe, na akishindwa mmoja wanavutwa kwa kamba wakaachanishwa. Huko pia Mreno husingiziwa. Ndugu zetu wa Muscat wataturekebisha tukiwa tumekosea, lakini tulipohudhuria sisi miaka mingi iliyopita, kilichomwagika kilikuwa kahawa tu.

Hapa tunaomba ruhusa ya kuingiza habari ya nyumbani kwetu. Babu yetu, mzaa baba, alikuwa mtu wa Pangani. Miaka ya 1920, akiwa kijana, alipanda reli ya Tanga mpaka Moshi kutafuta kazi, akaandikwa mpagazi katika misafara ya wawindaji. Tulimkuta mzee sana, na sisi wadogo, lakini tuliwahi kumwuliza kuhusu kazi ile. Hakusimulia simba. Alisimulia ngata, jinsi unavyoisokota kwa majani mabichi asubuhi na jioni imekuwa kamba ngumu. Akasimulia kisu.

Wapagazi wengi wa pwani walikuwa Waislamu, na mnyama aliyekufa kwa risasi kabla hajachinjwa kwao alikuwa mzoga. Basi bwana akishapiga tu, kijana mmoja mwenye mbio alikuwa akitoka kama mshale, kisu mkononi, kumwahi mnyama angali na roho, ataje jina la Mungu na kumchinja. Wakati mwingine nyati alikuwa hajafa vya kutosha. Wakati mwingine bwana alikasirika, kwa sababu kuchinja kunaharibu ngozi ya shingo, na yeye shingo ndiyo anayoitaka kwa ajili ya ukuta wa nyumba yake. Akawaamrisha wasichinje juu, wachinje chini kabisa karibu na kifua, na wao wanajua kwamba hapo sipo. Siku ya namna hiyo, alisema babu, wenzake wengine walikula na kumwachia Mungu, na wengine walilala na uji wa posho. Yeye alikuwa upande gani hakutwambia. Tulipomwuliza alitutuma tukamletee maji.

Tumesoma vitabu vingi vya wawindaji tangu wakati huo, na ugomvi huu wa shingo umetajwa katika baadhi yake, kwa mzaha, kama kituko cha watumishi. Kwetu ni jambo kubwa. Bwana alimwua mnyama apate kichwa, na nyama ikawa ni ziada ya kugawiwa wapagazi. Yule kijana mwenye kisu alimkimbilia mnyama apate nyama iliyo safi, na kichwa kwake si kitu.

Baada ya wakoloni kuzoea, starehe ikajengewa ukuta mkubwa zaidi. Frederick Selous, mwindaji mashuhuri kuliko wote, aliuawa kwa risasi ya askari wa upande wa Wajerumani pale Beho Beho, Rufiji, tarehe 4 Januari 1917, akiwa na umri wa miaka 65. Mwaka 1922 pori lile likapewa jina lake, na likawa nalo karibu miaka mia, mpaka mwaka 2019 sehemu yake kubwa ilipotengwa na kuitwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Katika vita hiyo hiyo wapagazi walikufa kwa makumi elfu kwa njaa, malaria na kuhara, kwa sababu jeshi lilichukua kazi ile ile ya safari na kuitumia bila ya ile nyama. Walichoachiwa ni Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, majina yaliyotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, na sanamu yao mmoja katika mnara wa Nairobi.

Upande wa Tsavo, penye simba wetu wa Chicago, waliishi Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu. Hawa walikuwa mafundi wa upinde. Upinde wao mkubwa unahitaji nguvu ya ratili zaidi ya 100 kuuvuta, ambao ni uzito wa mfuko mzima wa saruji, na sisi tulipojaribu kuvuta wa nusu yake katika klabu moja ya michezo hapa Marekani tulikaa wiki nzima hatuwezi kuchana nywele. Kwa upinde huo na sumu waliyoinunua kwa Wagiriama waliwinda tembo kwa vizazi. Tsavo ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1948, kazi yao ikawa jinai mara moja, na katika kampeni ya mwaka 1956 na 1957 vijiji vizima vilibaki na wanawake na watoto, wanaume wakiwa jela. Wasimamizi wenyewe wa kampeni ile baadaye walionekana kuwastahi wawindaji wale, na mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana ili Waata wawinde kisheria. Mpango ule haukuwafaa sana. Ugumu wa jambo ni kwamba bila ya hifadhi ile leo pengine hakuna tembo Tsavo, na pamoja na hifadhi ile hakuna tena Mwata mwindaji. Sisi hatuna jawabu la hilo, na tunamwonea shaka kila aliye nalo haraka.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa starehe mwezi Mei 1977. Tanzania iliufunga mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978, na leseni zinauzwa mpaka leo, wanunuzi wakitoka Marekani, Ulaya na Ghuba. Hesabu ya miezi ya mshahara wa kijana wa kijijini ukiilinganisha na leseni ya mgeni, msomaji anaweza kuifanya mwenyewe kwa bei za sasa. Sisi tuliifanya, tukaifunika karatasi.

Jumamosi iliyopita tulirudi pale makumbusho. Katika ukumbi mkubwa wamesimama tembo wawili wanaopigana, waliotoka Kenya katika safari ya Carl Akeley ya mwaka 1905 na 1906. Mmoja wao alipigwa na mkewe, Delia. Mwanetu, ambaye sasa ana miaka tisa, alizunguka chini yao mara mbili, kisha akasema, "Na hawa je, Baba?" Safari hii tulikuwa tayari. Tulimwambia ngozi hukatwa vipande, hutiwa chumvi, hukunjwa, hufungwa mizigo ya ratili 60, na mtu husokota ngata. Akataka kujua ngata ni nini. Tulivua skafu, tukaisokota na kumwekea kichwani, tukampa mkoba wa mama yake autwike. Alikwenda nao mpaka mlangoni bila ya kuushika, na mlinzi akacheka.

Tungependa kujua kama kuna wasomaji wengine ambao babu zao au baba zao walifanya kazi hii, iwe upande wa Kenya, Tanganyika, Uganda au Kongo. Picha, barua za ajira, hata jina la nyapara tu, andikeni tuzikusanye. Wazee waliowasikia kwa masikio yao wamebaki wachache.